Miguu Inayoelekea Kiwandani

Asubuhi ya Jumatatu mhandisi alikibana kipande cha mti kwenye jiliwa, akakipinda mpaka kikatoa mlio wa kwanza wa kupasuka. Akakitoa, akakiweka pembeni, akachukua kipande cha aluminiamu nacho akakifanya vivyo hivyo. Aluminiamu haikulia. Ilipinda kimya kimya, ikabaki imepinda, kama mtu aliyekubali jambo asilolipenda.

Kiwanda kilikuwa kinatengeneza ndara, mabeseni na mazulia ya magari. Mwaka ule hospitali kuu iliomba itengenezewe miguu ya bandia, ile ya chini ya goti, kwa sababu iliyokuwa ikiletwa kutoka nje ilifika na rangi ya watu wengine na vipimo vya viatu vya watu wengine. Meneja alikubali siku hiyo hiyo. Alimwita mhandisi ofisini akamwambia kwamba mguu uwe mwepesi, uwe imara, na usichelewe.

"Uwe na sura nzuri?" mhandisi aliuliza.

"Sura ikipatikana sikatai," alisema Meneja.

Kazi ya mhandisi ilikuwa kuchagua mguu utengenezwe kwa nini na kwa njia gani. Mtu wa kuuvaa kwa majaribio hakuhitaji kumtafuta. Mjomba wake, fundi cherehani, alikuwa na mguu mmoja. Wa kushoto ulibaki katika kiwanda hicho hicho, kwenye presi namba nne, ile mashine kubwa inayoshuka na kukandamiza mpira wa moto ndani ya kalibu mpaka upate umbo. Hapo mhandisi alikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Mjomba alipolazwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimfundisha kukata suruali kwa kutumia magazeti, na akatoka hospitalini na magongo mawili na ufundi mmoja. Kwa kushona sare za shule alimsomesha mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, mpaka chuo. Mpwa alipotafuta kazi, kazi ilipatikana pale. Mjomba alimpongeza, akamshonea suti ya kijivu yenye bitana ya hariri. Yeye mwenyewe hakukanyaga tena kiwandani. Hata barabara inayopita getini aliizunguka, na kuzunguka kwa magongo si mchezo.

Kwa hiyo majaribio yalifanyika dukani kwake.

Mguu wa kwanza ulichongwa na seremala kwa mti mwekundu, ukapigwa msasa mpaka ukang'aa. Mjomba alikaa kwenye kiti cha wateja, akaingiza kigutu, akakaza mikanda, akasimama.

"Unabana kidogo huku nyuma," alisema. Kisha akatoka dukani, akashika barabara.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

"Uulize mguu."

Mhandisi alichukua mkoba wa vifaa akamfuata. Mguu wa mti ulikuwa na hatua ndefu, na ule mzima ulifuata kama mgeni anayeongozwa na mwenyeji. Walipita soko la mitumba, wakapita karakana za magari, wakapanda mlima ulioko juu ya mji. Zamani kulikuwa na msitu huko. Sasa kulikuwa na viwanja, na nyumba ambazo hazijaezekwa. Mguu uliingia katika ua wa mtu, ukakwea kisiki kilichokuwa kando ya tangi la maji, ukasimama.

Mwenye nyumba alitoka akauliza kama wametoka ofisi ya ardhi. Mjomba alisema hapana, ni mguu tu, umekuja kwao. Mwenye nyumba alikitazama kisiki, akautazama mguu, akasema kweli rangi ni ile ile. Akamletea mhandisi kigoda, kwani Mjomba hakuweza kukaa.

Walisubiri. Mguu haukuonyesha dalili ya kutaka kuondoka, na jua lilipoanza kuwa kali Mjomba alifungua mikanda, akateremka mlima kwa magongo, mguu wa mti ukiwa kwapani kwa mhandisi. Mhandisi aliamua kwamba mti haufai: mzito, hunyonya maji, na hurudi msituni.

Mguu wa pili ulikuwa wa aluminiamu. Mafundi wa kuyeyusha vyuma chakavu waliumimina katika kalibu ya mchanga, na ulipopoa ulikuwa mwepesi na wenye mlio kama wa kengele. Huo haukwenda mbali. Ulimtoa Mjomba dukani, ukakata vichochoro viwili, ukamwingiza jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele. Ukasimama karibu na jiko, kisigino kikigusa jifya.

"Karibuni," alisema yule mama. Aliinama akautazama mguu, akaugonga kwa kidole. "Hii ni sufuria yangu. Ilitoboka, nikawauzia wa vyuma."

"Ilikuwa nzuri?" mhandisi aliuliza, kwa kuwa alikuwa kazini.

"Ilikuwa inaunguza upande mmoja."

Mama yule alikuwa mjane, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Mjomba alikunywa vikombe viwili. Mhandisi alipoamua kwamba aluminiamu haifai, kwa kuwa hushika moto juani na kugandisha ngozi asubuhi, Mjomba alipinga. Alisema yeye binafsi hakuona kasoro yoyote, na angependa jaribio lirudiwe.

Mpira wa utomvu wa mti haukujaribiwa kabisa. Mashamba ya mipira yako mbali, na Mjomba alikuwa na wateja wa kuwaridhisha.

Ukabaki mchanganyiko. Ulikuwa mpira usiotoka kwenye mti wowote. Uliletwa kiwandani kwenye magunia yasiyo na anwani, punje ndogo za kijivu zilizozaliwa ndani ya mapipa ya mafuta, katika nchi ambayo hata muuzaji hakuijua vizuri. Mhandisi aliziyeyusha mwenyewe, akamimina uji wake kwenye kalibu kwa mkono, akauacha ugande siku nzima. Ulitoka mguu wa rangi ya kahawia, wenye kisigino kinachobonyea kidogo na vidole vitano vilivyoshikana.

Mjomba aliuvaa, akasimama, akasubiri. Mhandisi naye alisubiri, mkoba begani, tayari kwa safari.

Mguu ulitulia.

"Huu hauna kwao," alisema Mjomba. "Wanasema mwacha kwao ni mtumwa. Lakini huyu hakuacha. Hakuwa nako."

Akapiga hatua kwenda mlangoni, kwa sababu alitaka kwenda mlangoni. Akarudi. Akatoka nje, akaenda mpaka kibanda cha kona, na alipogeuka kurudi alikuwa ameshika chupa ya soda katika kila mkono. Tangu siku ile ya presi hakuwahi kutembea akiwa ameshika kitu kwa mikono yote miwili. Alitembea polepole, si kwa ulemavu bali kwa kuringa. Mhandisi aliangalia pembeni, akajifanya anahesabu vifungo ndani ya kopo.

"Chukua yako," alisema Mjomba. "Na usilie dukani kwangu. Nguo za watu hizi."

Malighafi ikawa imepatikana. Ikabaki njia.

Kumimina kwa mkono kulikuwa na kasoro moja: mguu mmoja ulikula siku nzima, na watu waliokuwa wakisubiri hospitalini walijaza ukumbi hadi ngazini. Mhandisi alikuwa amewaona. Walikaa kwenye benchi wakiwa wameviringa mguu wa suruali na kuubana kwa pini, na baadhi yao hawakuwa bado na umri wa kuvaa suruali ndefu. Meneja naye alikuwa na haraka zake. Alisema presi ipo, kalibu zitachongwa, na mguu utatoka kabla chai haijapoa.

Miguu ya kwanza ya presi ilikuwa bora kuliko ile ya kumimina. Mhandisi aliipinda, akaitwisha mizigo, akaipiga nyundo, haikufanya ufa. Aliipanga mezani karibu na dirisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, yote ilikuwa imegeuka, vidole vikielekea pembe moja ya chumba. Aliipanga upya. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa sakafuni, mlangoni, imejipanga kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Mhandisi aliweka pimamaji juu ya meza. Meza ilikuwa sawa.

Alimpelekea Mjomba mguu mmoja.

"Huu unavuta kidogo," alimwambia.

"Unavuta kwenda wapi?"

"Sijajua bado."

Alikuwa anajua. Ile pembe ya chumba, ukipita ukuta na ghala, unafika ukumbi wa mashine.

Mjomba aliuvaa, na mguu ukashika njia. Ulipita soko upande ambao hakuwa akipita, ukaingia barabara aliyoizunguka miaka yote hiyo. Hakujaribu kuuzuia. Pale getini mlinzi, ambaye waliwahi kula chungu kimoja enzi hizo, alimfungulia.

"Umerudi?" alisema mlinzi.

"Nimeletwa."

Ukumbi wa mashine ulikuwa na joto lile lile na harufu ile ile ya mpira mbichi. Mguu ulipita presi ya kwanza bila kugeuka, ukapita ya pili na ya tatu, ukasimama mbele ya namba nne. Saruji mahali pale ilikuwa imelika kwa nyayo za waendeshaji, imefanya mashimo mawili madogo. Mguu uliingia katika shimo la kushoto, ukatulia.

Presi ilikuwa inafanya kazi, ndiyo iliyokuwa ikitoa miguu. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa mwanamke mwembamba ambaye kiwanda kizima kilimwita Chapuchapu. Alikuwa akiingiza mkono, anapanga mpira ndani ya kalibu, anautoa mkono, anakanyaga kanyagio, na presi inashuka. Mkono ulikuwa ukitoka na presi ikishuka kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

"Mzee wangu, utanipisha kidogo?" alisema bila kuinua macho.

"Ningekupisha, mwanangu, ila mguu hautaki."

"Basi egemea huko, usinigonge kiwiko."

Mjomba aliegemea. Presi ilishuka, ikapanda. Juu yake kulikuwa na kinga, mlango wa wavu wa chuma ambao hutakiwa kufungwa kila mara kabla mashine haijashuka. Usipofungwa, mashine haikubali. Ili ikubali ikiwa wazi, kinga ilikuwa imeinuliwa na kufungwa juu kwa waya uliobana na swichi yake, na waya ulikuwa umeshika kutu. Mjomba aliutazama kwa muda mrefu.

"Huo waya niliufunga mimi," alisema.

"Ulifunga vizuri," alisema Chapuchapu. "Haujawahi kulegea."

"Msimamizi aliniambia nifunge. Mwezi haukupita, nikapanda kunasua mpira, ikashuka na mguu."

"Na mimi waliniambia ukishusha kinga hufikishi idadi. Nina watoto, na wao wanataka idadi ifike." Aliingiza mkono, akautoa. Presi ilishuka. "Pole lakini."

"Nimeshapoa," alisema Mjomba.

Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yao. Habari ya kinga aliijua tangu wiki yake ya kwanza kazini. Aliwahi kuitaja kikaoni, wakamwambia imesikika. Alipoitaja mara ya pili walimpandisha cheo, wakampa ofisi ya bidhaa mpya, ile yenye dirisha linalotazama bustani.

Kwa wiki mbili zilizofuata alifanya kila ambacho mhandisi anaweza kumfanyia mguu. Alipunguza joto la presi, akaongeza. Aliacha kalibu ipoe taratibu. Alitia chokaa katika mchanganyiko, akatia masizi, akabadilisha rangi. Miguu ilitoka ya kila namna, na kila mmoja ulipowekwa chini ulikwenda namba nne ukasimama. Wafanyakazi walizoea. Walikuwa wakiiruka wakipita na matoroli, na aliyeiangusha aliisimamisha.

Jumamosi moja alikuja na koleo. Alimwomba Chapuchapu asimame kando, akakata ule waya wenye kutu, akaishusha kinga.

"Tufanye kadhaa hivi," alisema.

"Itachelewa."

"Ichelewe."

Chapuchapu alifanya kazi akiwa na kinga. Alipanga mpira, akafunga wavu, akakanyaga, akafungua wavu. Baada ya muda aliona mkono wake hauna la kukimbilia, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mhandisi aliichukua miguu iliyotoka, akaipanga sakafuni ikielekea mlango wa nje. Wakakaa juu ya magunia, wakaiangalia. Hakuna hata mmoja uliogeuka.

Alimletea Mjomba mguu mmoja katika hiyo. Mjomba aliuvaa, akaenda msikitini, akaenda kwa yule mjane wa sufuria, akarudi, kila mahali kwa njia aliyoitaka mwenyewe.

Jumatatu mhandisi alikwenda kwa Meneja. Meneja alikuwa mtu wa kusikiliza. Mjomba alipokatwa mguu, yeye akiwa karani tu, ndiye aliyempelekea machungwa hospitalini, na mpaka leo alikuwa akimuulizia hali. Alimsikiliza mhandisi mpaka mwisho bila kugusa simu.

"Kwa hiyo mguu wenyewe hauna kasoro," alisema.

"Unakwenda presi, bosi."

"Unakwenda. Hospitali iliomba mguu unaokwenda."

"Tukishusha kinga hauendi. Unatulia. Nimejaribu, na dawa yake ndiyo hiyo."

"Nimekuelewa, na nakuamini." Meneja alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Ila nisaidie hapa. Tukishusha kinga kwa ajili ya miguu, kesho wa ndara watauliza mbona wao hawana. Keshokutwa wa mazulia. Ukishaanza kuweka kinga, utaishia wapi?"

Mhandisi alifungua daftari lake la vipimo.

"Na idadi itashuka nusu," Meneja aliendelea. "Maana yake nusu ya wale wa kwenye benchi warudi nyumbani na magongo. Utakwenda kuwaambia wewe?"

"Tumimine kwa mkono, basi."

"Hapo ndipo watarudi karibu wote." Alirudisha miwani. "Huo mvuto unafika mbali?"

Mhandisi alikuwa ameupima, kwa kuwa hupima kila kitu. Alisema mtu akikaa jirani na kiwanda mguu humleta mpaka namba nne. Akikaa upande wa pili wa mji, humgeuza tu vidole anaposimama. Ukivuka mto, ni kama mtu anayekukumbuka bila kukuita.

"Sasa hapo kuna tatizo gani?" alisema Meneja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefurahi kwa dhati. "Wa mbali watazoea. Wa karibu mlinzi atawageuza."

Ikaamuliwa hivyo. Katika karatasi ya maelezo inayowekwa ndani ya boksi iliongezwa sentensi moja: *Mguu huu una mwelekeo wake, mtumiaji atauzoea.* Mhandisi ndiye aliyetakiwa kuidhinisha malighafi na njia ya utengenezaji. Aliwafikiria wale wenye suruali zilizobanwa pini, akaufikiria na mkono wa Chapuchapu, na mawazo hayo mawili hayakukaa kwenye mizani moja. Akasaini.

Alipopita ukumbi wa mashine, Chapuchapu alimwita.

"Dada mhandisi, ulikata waya. Fundi wa zamu hajafika, na mimi siwezi kuanza."

"Si ufanye na kinga mpaka afike?"

"Wameshaniletea idadi ya leo."

Mhandisi aliitazama karatasi ya idadi. Kisha alichukua waya mpya ghalani, akapanda juu ya gunia, akainua kinga, akaifunga. Alizungusha waya mara kadhaa, akausokota kwa koleo, kwa sababu kitu kikilegea na kuanguka juu ya mtu ni hatari. Chapuchapu aliutikisa kwa mkono kuupima.

"Wa mjomba wako ulikaza zaidi," alisema, akaanza kazi.

Jioni mhandisi alimweleza Mjomba, asimfiche kitu. Mjomba alikuwa akitia uzi sindanoni. Alisikiliza huku amefumba jicho moja.

"Na huu nilio nao mimi ni ule wa Jumamosi," alisema.

"Huo ni wako, Mjomba. Hautakusumbua."

"Wako wangapi wa namna hii?"

"Wachache tu. Wa kuhesabika kwa vidole vya mkono."

Mjomba alifungua mikanda, akauvua mguu, akaufuta kwa kitambaa cha bitana, akamkabidhi.

"Mpe mwenye njia ndefu. Mimi niletee wa kawaida. Mimi na ile mashine tunajuana."

"Mjomba, utakuwa unakupeleka kila siku."

"Utanipeleka nikiwa nimesimama. Nikikaa, nakaa." Aliangalia duka lake, meza ya kukatia, cherehani, kioo cha wateja. "Kiwanda kiko upande gani, ule wa kioo?"

"Ule wa kioo."

"Basi nishikie huku tuigeuze hii mashine."

Waliigeuza pamoja. Kuanzia siku hiyo Mjomba alishona akiwa ameuelekea ukuta, na mguu mpya ulikaa kwenye kanyagio ukiwa umenyooka vizuri kabisa, na mishono ikatoka sawasawa. Wateja walilalamika kwamba anawapa mgongo. Alisema wapitie upande wa pili.

Miguu ilisambaa. Watu walirudi mashambani, walirudi kwenye magenge ya mboga na kwenye madarasa. Mwalimu mmoja aliomba ubao uhamishiwe ukuta mwingine, ukahamishwa. Wenye vitanda walivisogeza. Kila asubuhi watu wawili watatu waliokaa mitaa ya jirani na kiwanda walifika getini, nyuso zikiwa na haya kidogo, na mlinzi alikuwa akiwashika mabega kwa adabu, anawageuza, anawasukuma taratibu mpaka wapate mwendo. Mmoja aliyechoka kugeuzwa aliomba kazi humo humo, akaajiriwa zamu ya jioni. Meneja aliona kwamba tayari alikuwa anasimama mahali panapotakiwa.

Mhandisi alikuwa akienda hospitalini kila Alhamisi kuangalia miguu inavyokaa. Katika ukumbi wa mazoezi kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, na mtaalamu wa viungo alikuwa ameshavihamisha. Aliona wagonjwa wanajifunza upesi zaidi wakitembea kuelekea upande ule, naye hakuona sababu ya kushindana na jambo linalosaidia.

Alhamisi moja kulikuwa na bibi aliyeletwa na wajukuu, mguu wake ukiwa wa siku hiyo hiyo. Alishika vyuma, akapiga hatua, akapiga nyingine. Alifika mwisho wa vyuma kabla hawajamaliza kumhimiza, na mguu ukataka kuendelea, ukagusa ukuta.

"Jamani, huku kuna nini?" bibi aliuliza.

Mhandisi alikuwa amechuchumaa mbele yake akimkazia mkanda.

"Ni kiwanda, bibi. Kiko upande ule."

"Wanatengeneza nini?"

"Hii miguu."

Bibi aliutazama mguu wake, akautazama ukuta, uso ukamfunguka.

"Aa! Kumbe. Unataka kwenda kushukuru."

Waliokuwa kwenye benchi waliitikia kwamba ni kweli, lazima itakuwa hivyo. Mmoja alisema wake huvuta zaidi asubuhi, zamu inapoingia. Mwingine alisema kitu kinachokumbuka fadhila ni nadra siku hizi, hata binadamu wameshindwa.

Mhandisi alimaliza kukaza mkanda. Alisimama, akamshika bibi kiwiko, akamwambia wageuke polepole. Mguu mzima uligeuka mara moja. Ule mpya ulibaki ukutani, ikabidi ainame tena na kuuinua kwa mikono miwili.